Mgeni wa Meza ya Pembeni

Kitu cha kwanza kilichokwenda kombo ni nyama kukosa harufu.

Sahani ilikuwa palepale walipoiacha, juu ya meza ya pembeni chini ya taa nyekundu. Vipande vya nyama ya kuchoma vilikuwa vimepangwa vilevile mhudumu alivyovileta, na kachumbari kando. Muda mfupi tu nyuma, harufu ya nyama ile ilikuwa imewatoa mate tangu mlangoni. Sasa Fundi aliinamia sahani akavuta pumzi, asinuse chochote. Akagusa kipande kimoja kwa ncha ya kidole. Kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na ukumbi mzima ulikuwa na joto la kuwafanya watu wajipepee kwa leso.

"Nyama imepoa," alimwambia mumewe.

"Imepoa vipi, nasi tumecheza wimbo mmoja tu?" Santuri alicheka, akavuta kiti, akaanza kula.

Santuri halikuwa jina alilopewa na mama yake. Alikuwa kinyozi katika mji mdogo wenye barabara moja ya lami, na tangu anafungua duka asubuhi mpaka anafunga alikuwa akiimba. Aliimba huku ananyoa, huku anafagia, huku anambembeleza mtoto anayelilia nywele zake. Wapo wateja waliokuja na vichwa vyao vya upara, wakakaa kwenye benchi wakidai wanasubiri zamu. Wao ndio waliompa jina lile. Mkewe alikuwa mshonaji, duka lake ubavuni mwa la mumewe, na kila mtu alimwita Fundi, hata mumewe. Ukuta uliowatenganisha ulikuwa wa mbao nyembamba, kwa hiyo alishona miaka yote hiyo cherehani yake ikifuata mdundo wa upande wa pili.

Hawakuwa wamewahi kufika mji mkubwa. Kila mwaka walisema mwakani, na mwakani ikifika mtoto anaumwa au paa linavuja. Safari hii binti zao wawili walibaki kwa bibi yao, nao wakapanda basi kwenda kumtembelea dada yake Santuri, aliyekuwa akifanya kazi mapokezi katika nyumba ya wageni. Fundi alimwita Wifi, nasi tumwite hivyohivyo.

Wifi aliwapa somo kabla hata hawajamaliza chai.

"Mji huu mtamu, na sitaki mkae humu ndani kama vifaranga. Tokeni, kuleni, chezeni mpaka viatu viombe msamaha. Ila nisikilizeni. Kuleni penye watu wengi, na chakula kitoke motoni mkikiona. Kilichopoa msikiguse. Mkitoka wawili, mrudi wawili. Glasi ukiiacha mezani ukaenda kucheza, ukirudi si yako tena, agiza nyingine. Teksi nitawaitia mimi, ya mtu ninayemjua. Na huo ukarimu wenu wa kukaribisha kila anayepita, uacheni hapa mlangoni pamoja na ndala."

"Dada, unatupeleka kwenye muziki au vitani?" Santuri aliuliza.

"Mimi nakaa mapokezi, mdogo wangu. Nawaona watu wanavyotoka jioni wamependeza, na nawaona wanavyorudi."

Na jioni ile ilianza vizuri kupita walivyoota. Walikula samaki wa kukaanga kando ya barabara, wamesimama, vidole vikiwaungua. Walikunywa juisi ya miwa iliyokamuliwa mbele ya macho yao. Fundi alitazama madirisha ya maduka ya nguo akiwa ameshika kiuno, akikosoa mishono ya watu. Santuri alisimama kila palipotoka sauti ya gitaa, akitikisa kichwa kama mtu anayekubaliana na hoja. Walipofika kwenye ukumbi wa muziki walichagua meza ya pembeni, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa tupu, ingawa watu wengine walikuwa wamesimama na sahani mkononi.

Nyama ilipoletwa, Santuri alinawa, na kabla ya kutia mkono alisema bila kugeuka, kama anavyosema kwao kila mtu akipita, "Karibu tule."

Fundi alitazama nyuma ya kiti chake. Hapakuwa na mtu.

"Umemkaribisha nani?"

"Huyo aliyepita."

"Hajapita mtu."

"Basi nimeukaribisha upepo. Nao una tumbo." Kisha bendi ikaanzisha wimbo aliokuwa akiuimba dukani tangu ujana wake, na Santuri akainuka kabla hajaonja. "Wimbo mmoja tu, Fundi."

"Mmoja wetu abaki na chakula."

"Chakula hakina miguu."

Akamvuta mkono, naye akacheka, akamfuata. Huo ndio wimbo waliocheza, na hiyo ndiyo nyama iliyokuwa baridi.

Fundi hakuila. Alikumbuka maneno ya wifi yake akasema waagize nyingine, lakini Santuri alikuwa keshakula nusu sahani. Alikula haraka, bila kuinua macho, bila neno. Nyama ilipokwisha akala kachumbari. Kachumbari ilipokwisha akarudi kwenye mifupa, na Fundi akasikia ikivunjika kati ya meno yake, ka, ka, ka, katikati ya muziki wote ule.

"Utaumia meno," alimwambia.

Santuri alimeza. "Kulikuwa na njaa ndefu," alisema. Hakusema nina njaa.

Teksi waliyoitiwa na Wifi ilikuja. Hawajafika mbali, dereva akashusha vioo vyote.

"Mama, mmebeba nini humo?"

"Hatujabeba kitu."

"Inanuka kama makaa yaliyomwagiwa maji."

Fundi naye alikuwa akiinusa. Ilikuwa harufu ya jiko lililozimwa kwa hasira, nzito na yenye majimaji, na ilitoka upande aliokaa mumewe. Dereva alitupa jicho kwenye kioo kidogo cha kutazamia nyuma. Alikitazama mara moja tu. Kisha akainua mkono akakigeuza kikatazama paa, akaendesha hivyo mpaka mwisho wa safari.

Wifi alikuwa amewatandikia godoro sebuleni. Fundi alilala kwa uchovu wa miguu, akaamshwa na sauti ya kitu kinachosagwa. Alidhani ni panya. Akapapasa upande wa pili wa godoro, akakuta patupu na baridi, na sauti ile ikaendelea, krr, krr, krr, kutoka jikoni, polepole, kama mtu anayetembea juu ya changarawe ndani ya mdomo wake mwenyewe.

Akainuka, akaenda akiwa ameshika ukuta. Santuri alikuwa amechuchumaa gizani mbele ya mfuko wa mchele. Alikuwa akiuchota kwa viganja viwili na kuutafuna mbichi.

Fundi akawasha taa.

"Zima," mumewe alisema kwa upole. Hakugeuka.

Akaizima. Hakujua kwa nini alitii. Alirudi godoroni akajifunika shuka mpaka kichwani, akisikiliza mchele ukisagwa mpaka adhana ya alfajiri, na ilipoanza kusikika sauti ile ikakoma ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Asubuhi Santuri aliimba bafuni. Alikuwa na sauti nzuri siku zote, lakini hii ilimfanya Wifi asimame na kikombe mkononi, asikumbuke kunywa. Ilikuwa nzuri mno. Na chini yake, ukitega sikio, ilikuwepo sauti nyingine iliyomfuata nyuma kidogo, kama kivuli kinavyomfuata mtu jua likiwa limeinama.

"Anaimba na nani?" Wifi aliuliza.

"Yuko peke yake."

Wakatazamana.

Mchana Wifi alipika maharage. Santuri alitia kijiko mdomoni, akatema mezani. "Chumvi," alisema, kama anayetaja jina la adui. Wifi akampikia wali usio na chumvi, akala sufuria nzima. Akala ndizi na maganda yake. Akala unga. Na kadiri alivyokula ndivyo alivyopungua. Fundi alijua kipimo cha mabega ya mumewe bila futi, maana kila shati alilovaa alilishona yeye. Shati la safari lilikuwa limemkaa sawasawa walipopanda basi. Sasa mshono wa bega ulikuwa umeteremka mkononi, na kola ilizunguka shingo yake kama kitanzi kilicholegezwa.

Walimpeleka hospitali. Daktari alimpima, akamtazama macho na ulimi, akasema haoni ugonjwa, akaandika dawa za minyoo. Santuri alizimeza zote kwa mara moja akauliza kama zipo nyingine.

Usiku uliofuata Fundi alisikia makofi.

Yalikuwa makofi ya mtu mmoja, ya taratibu, na alipofungua macho alimwona mumewe katikati ya sebule gizani akicheza, akizunguka na kuinama na kunyanyua mabega kama walivyocheza pamoja ukumbini, ila miguu yake ilipogusa sakafu haikutoa mlio wowote, na badala yake vikombe vya kabatini ndivyo vilivyotikisika kwa kila hatua, na mlango wa jikoni ukajifungua na kujifunga kwa mdundo uleule, na kutoka kifuani mwake, wala si mdomoni, maana mdomo ulikuwa umefumbwa, Fundi akasikia gitaa, kisha ngoma, kisha vicheko vya watu wengi waliokaa mezani mahali fulani mbali sana wakigonganisha sahani, na harufu ya makaa yaliyomwagiwa maji ikajaa chumbani mpaka machozi yakamtoka, ndipo mumewe akageuka akamtazama kwa macho yasiyopepesa, akamnyooshea mkono.

"Njoo ucheze," alisema, "mke wa mwenyeji wangu."

Fundi alitambaa kwa magoti mpaka chumbani kwa Wifi. Walifunga mlango, wakasukuma kitanda dhidi yake, wakakaa chini wakiwa wameshikana.

"Amesema nini?" Wifi alinong'ona.

"Ameniita mke wa mwenyeji wake."

"Nilisema msikaribishe watu," Wifi alisema, na sauti yake haikuwa ya kulaumu, ilikuwa ya kulia.

Kulipopambazuka alimleta Mama Udi. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo aliyeuza manukato kwenye uchochoro wa soko, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na mafua yasiyokwisha, jambo lililowachekesha watu kwa kuwa biashara yake ilikuwa ya harufu. Lakini nyumba ya wageni ilikuwa imewahi kumwita mara mbili kwa mambo ambayo Wifi hakupenda kuyasimulia. Alisimama mlangoni, akamtazama Santuri aliyekuwa amekaa sakafuni akilamba sufuria, wala hakuingia.

"Nani alimkaribisha?"

"Yeye mwenyewe," Fundi alijibu. "Alidhani mtu anapita."

"Mtu alipita kweli. Nyinyi ndio hamkumwona." Mama Udi alipenga kamasi, akamvuta Fundi nje kwenye ngazi. "Huyu ni jini wa karamu. Hukaa penye kula na kucheza, wala hamgusi mtu, kwa sababu hana ruhusa. Mumeo kampa. Kamwambia karibu, kisha kamwachia sahani. Jini akala utamu wote, mumeo akaja kula kilichobaki. Sasa wanakula kwa mdomo mmoja."

"Mfukuze."

"Mgeni aliyeitwa hafukuzwi, mwanangu. Ukimfukuza atakaa kwa ukaidi, na mwili ule hauna siku nyingi. Mgeni huagwa. Anayemuaga ni yule aliyemkaribisha, na kwa kuwa huyo hana tena ulimi wake, basi ni yule anayekula naye chungu kimoja."

Fundi alielewa. Akashika ukingo wa ngazi.

"Utapika kwa mkono wako," Mama Udi aliendelea, "na utie chumvi. Kiwe cha moto. Mtakaa kwenye meza ileile, utakula wewe kwanza, kisha utamwambia karamu imekwisha. Mimi nitakuwa mlangoni na ubani wangu ili asiite wenzake. Atadai kitu, hatoki mikono mitupu. Akidai, mpe kilicho kidogo. Usithubutu kumwambia achukue atakacho. Na ukisikia chochote nyuma yako, usigeuke."

Walikwenda mchana, jua likiwa utosini. Ukumbi wa muziki mchana ni kama mtu aliyevuliwa nguo. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza, miguu yake hewani. Sakafu ilinuka bia iliyochacha na sabuni. Msafishaji, mwanamume mrefu mwenye ndoo, aliwafungulia kwa sababu alimfahamu Mama Udi, lakini walipoelekea pembeni alisimama.

"Meza ile siifuti mimi," alisema chini kwa chini. "Kila nikija naikuta imefutwa."

Akaacha ndoo yake hapohapo, akatoka.

Santuri alikwenda mwenyewe mpaka kwenye meza, akaketi kwa raha kama anayerudi kwake. Fundi aliketi mbele yake. Akafunua bakuli. Mvuke wa wali na mchuzi ukapanda, na uso wa mumewe ukakunjamana, kisha ukanyooka kidogo kidogo, ukawa uso wa mtu mwingine mwenye adabu kubwa. Mlangoni Mama Udi alipuliza makaa, na moshi wa ubani ukaanza kutambaa sakafuni.

Fundi akatia tonge mdomoni. Halikushuka kwa urahisi.

"Umeweka kitu kibaya katika chakula," alisema yule aliyekaa mbele yake. Sauti ilikuwa ya Santuri na haikuwa ya Santuri.

"Nimekiweka kwa kuwa karamu imekwisha, mgeni wetu. Nimekuja kukuaga."

"Mapema hivi?" Aliinamisha kichwa. "Nimekaa hapa tangu kabla ya ukuta huu. Wanapita na sahani zao mbele ya uso wangu, usiku baada ya usiku, na hakuna aliyewahi kuniambia karibu. Mmoja tu. Nimempenda sana mumeo."

"Unamla."

"Nakula naye."

Kiti kimoja kilianguka kutoka juu ya meza katikati ya ukumbi. Kisha kingine, karibu zaidi. Fundi alisikia viti vikivutwa nyuma yake, kimoja baada ya kingine, kama watu wengi wanaokaa kwa utulivu ili wasikilize, na ubaridi ukampanda mgongoni mpaka kwenye mizizi ya nywele, lakini alikuwa ameambiwa asigeuke, kwa hiyo alikaza macho kwenye mshono wa bega ulioteremka, ule mshono wake mwenyewe, na akasema kwa sauti iliyotetemeka lakini haikukatika:

"Umekula, umecheza. Sasa nenda kwa heri."

"Mgeni haondoki mikono mitupu."

"Unataka nini?"

Aliinua mkono wa kulia wa Santuri, akaugeuza kwenye mwanga uliopenya matundu ya ukuta. "Huu. Ni mwepesi, unashika wembe kama unyoya. Au ile sauti. Kimojawapo. Chagua wewe, mwenye nyumba."

Kinyozi asiye na mkono hana duka. Fundi aliona karo ya binti zake, paa, sufuria. Aliona mumewe akilishwa. Upande wa pili aliusikia ule ukuta wa mbao nyembamba na kilichopita ndani yake kila asubuhi ya ndoa yao. Alitamani kumuuliza mwenye mwili. Alimtafuta ndani ya macho yale yasiyopepesa, hakumwona.

"Sauti," alisema. "Ya kuimba peke yake. Ya kusemea utaiacha. Ya kucheka utaiacha. Na hutarudi kuchukua kingine."

Yule mgeni alitabasamu. "Unajua kukata kitambaa, Fundi."

Akafungua mdomo, akaimba. Ulikuwa wimbo uleule wa ujana wa Santuri, na Fundi hajawahi kuusikia ukiimbwa vizuri namna ile, wala mtu yeyote hajawahi, ukapanda mpaka kwenye mabati ya paa yakalia pamoja nao, ukashuka, ukatoka mdomoni mwa mumewe kama uzi unavyotoka kwenye kibiringo, ukizidi kuvutika na kuvutika, mpaka ukawa hautoki tena kwake, unatoka hewani juu ya meza, kisha juu ya viti, kisha jukwaani ambako hapakuwa na mtu, na huko ukafifia ndani ya ukuta neno kwa neno. Harufu ya makaa ikapita usoni pa Fundi mara moja kama pumzi. Viti vikanyamaza.

Santuri alianguka kifudifudi mezani. Alipoinua kichwa alikuwa na macho ya mtu aliyeamshwa njiani.

"Fundi," alisema. "Mbona mchana?"

Alivuta bakuli akala ule wali wenye chumvi, machozi yakimtiririka bila kujua sababu, na alishiba.

Walirudi kwao. Mwili wake ulirejea taratibu, na shati likamkaa tena. Mkono wake ulikuwa mwepesi vilevile. Wateja walikuja, wakakaa kwenye benchi, wakasubiri.

"Santuri imekwama?" waliuliza kwa utani.

"Vumbi la safari," alijibu.

Lakini Fundi, upande wa pili wa mbao, alimsikia akijaribu dukani kukiwa hakuna mtu. Alisikia akikohoa, akivuta pumzi, akifungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa pumzi tupu, kama bomba siku maji yamekatwa. Alisikia akijaribu tena.

Hakuweza kuvumilia. Jioni moja alizunguka ukuta, akaketi kwenye kiti cha kunyolea, akamwambia kila kitu, habari ya mkono na ya sauti, na jinsi alivyochagua. Santuri alimsikiliza mpaka mwisho huku akipangusa mashine yake kwa brashi.

"Umenirudisha," alisema. "Sina la kukulaumu."

"Tungekula nini, baba watoto?"

Akaendelea kupangusa, ingawa mashine ilikuwa safi. "Najua. Ila ungeweza kuniuliza, ningesema mkono."

Hawakulizungumza tena. Waliishi kwa upole, kama watu wanaotembea karibu na mgonjwa aliyelala.

Ndipo usiku mmoja, kabla maduka hayajafungwa, Wifi akapiga simu. Fundi alikuwa amekuja dukani kwa mumewe kupima suruali ya mteja aliyekuwa akinyolewa, pini zimejaa mdomoni, kwa hiyo aliiweka simu juu ya meza ya vioo na kufungulia spika. Mteja alikuwa ametoka sasa hivi. Santuri alikuwa akifagia nywele.

"Wifi," sauti ilinong'ona kutoka kwenye simu, na nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wengi. "Mdogo wangu yuko wapi?"

Fundi alitoa pini mdomoni. "Yuko hapa."

"Unamwona kwa macho?"

"Namwona. Anafagia."

Wifi alihema. "Niko nje ya ule ukumbi. Dereva amenileta nije nisikie mwenyewe. Watu wamejaa mpaka barabarani. Bendi imeacha kupiga, wanamuziki wamekaa chini wanalia. Na jukwaani hakuna mtu, wifi yangu. Hakuna mtu. Sikiliza."

Kelele zikapungua, na sauti ya Santuri ikajaa duka.

Fundi aliruka kuikata simu, lakini ule mkono mwepesi ulitangulia. Santuri aliiinua mpaka sikioni. Ufagio ulimwanguka. Alisimama katikati ya nywele za watu, midomo yake ikifuata maneno bila kutoa hata chembe ya mlio, na kwa mara ya kwanza tangu warudi, uso wake ulifunguka kwa furaha. Alisikiliza mpaka wimbo ukaisha. Kisha akairudisha simu mezani kwa uangalifu, akavua aproni, akaikunja.

"Fundi," aliuliza kwa upole, "basi la usiku la kwenda mjini limeshapita?"

"Limepita zamani," Fundi alisema, akasogea akasimama mlangoni, mikono yote miwili kwenye miimo.

Nyuma yake, mwisho wa ile barabara ya lami, honi ya basi ililia ikija.